Mfalme Arudi Nyuma

Mzunguko wa kwanza wa mashindano ya wazi ya sataranji hukutanisha watu ambao kwa kawaida hawaketi meza moja. Mfumo wa Uswisi, uliotumika mara ya kwanza Zürich mwaka 1895, huorodhesha wachezaji kwa viwango, hukata orodha katikati, kisha humpa wa kwanza wa nusu ya juu yule wa kwanza wa nusu ya chini, na kuendelea. Ndivyo nilivyopangiwa kijana niliyemzidi pointi 400 za kiwango.

Kwa kanuni ya Arpad Elo, mwanafizikia ambaye hesabu yake ilipokewa na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, mwaka 1970, tofauti hiyo humpa mwenye nguvu matarajio ya pointi 10 katika michezo 11. Sisi wachezaji wa ridhaa huisoma kama hukumu. Mnyonge hufikiri sana mwanzoni, kisha akishaliwa askari mmoja huanza kucheza mbiombio, kama anayetaka kuwahi gari. Naamini hapo ndipo pointi nyingi hupotea, kuliko kwenye ufundi.

Kijana huyu hakukimbia. Nilimla askari, tukapunguzana kete hadi wakabaki wafalme wawili na askari wangu mmoja. Askari alikuwa e6, mfalme wangu e5, wake e7, na zamu ilikuwa yake. Alikuwa na miraba mitatu tu ya kukimbilia: d8, e8 na f8. Ya pembeni yote miwili ni kifo, kwa kuwa mfalme wangu angepanda na kumkabili ana kwa ana, askari apite. Wa katikati ndio pekee unaookoa.

Alikalia mikono yake. Saa ikawa inakula dakika zake, naye hainui macho. Hatimaye akarudi e8.

Nikaenda d6, akanikabili kwa d8. Nikasukuma askari e7 nikimtishia mfalme, akarudi e8. Nikimwacha askari, analiwa; nikimlinda kutoka e6, mfalme wake hajashambuliwa wala hana pa kwenda. Nikamlinda. Sare.

Nje ya ukumbi nilimwuliza nani alimfundisha mwisho ule. Akasema hakuujua. Alijaribu kila mraba kichwani, mmoja mmoja, na ule wa f8 aliurudia mara mbili kwa sababu ulimvutia.