Wati Ngapi, Ampea Ngapi? Piga Hesabu Kabla ya Kuchomeka

Je, msomaji, umepata kugusa plagi baada ya kupiga pasi nguo za watoto wote ukaikuta ina joto kama chapati iliyotoka jikoni? Joto hilo lina maana yake, na hesabu yake hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Chukua mfano wa jamaa wa mjini wanaovuka feri ya Likoni wakati wa likizo, wakapita Ukunda na Diani hadi Kinondo kuwaona wazee. Wamebeba birika la umeme na pasi. Nyumbani kwa wazee, sebuleni mna soketi moja ukutani na waya wa ekstensheni wenye matundu manne. Paa ni la makuti. Kwa kuwa matundu ni manne, vyombo vinne vinachomekwa, na hapo ndipo watu wengi hukosea: idadi ya matundu haikuambii waya unaweza kubeba nini.

Geuza chombo chako usome kibandiko kilicho nyuma au chini. Utakuta wati, yaani nguvu ambayo chombo hutumia. Lakini kinachopasha waya joto ni ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita ndani yake. Ili kuzipata, gawanya wati kwa volti. Stima ya Kenya ni volti 240, hivyo birika la wati 2000 huvuta ampea 8.3, na pasi ya wati 1200 huvuta ampea 5. Ukiviwasha pamoja ni ampea 13.3, ilhali plagi yetu ya pini tatu imeundwa kwa ampea 13. Taa ya LED ya wati 9 haivuti hata sehemu ya ishirini ya ampea moja. Hiyo isikunyime usingizi.

Utasema fyuzi itakatika. Haikatiki upesi hivyo! Fyuzi ya ampea 13 huvumilia mkondo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, na muda wote huo ekstensheni nyembamba inazidi kuchemka. Mkondo ukiwa maradufu, joto la waya huwa mara nne. Huku pwani hewa ya chumvi nayo hula shaba ndani ya soketi, na mahali ambapo pini haishiki vizuri ndipo plagi huanza kuyeyuka. Chombo kikubwa kama birika kichomeke peke yake, moja kwa moja ukutani.

Wako wanaofunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyokatika. Chini ya makuti, huo ni wazimu. Redio au taa ya mezani hutoshwa na fyuzi ya ampea 3, ambayo hufaa hadi wati 720. Friji ni jambo jingine: mota yake inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa kuliko kawaida, kwa hiyo fuata fyuzi iliyoandikwa na mtengenezaji.

Na je, ikiwa nyumba ya wazee haina stima ila paneli ya jua na betri ya volti 12? Hapo hesabu hubadilika kabisa. Pasi ile ile ya wati 1200, ikipitia inverta inayopandisha volti 12 kuwa 240, huitaka betri itoe ampea 100 na zaidi. Waya wa taa ukitumiwa kwa kazi hiyo utaungua, na betri ya ampea-saa 100 haitamaliza saa moja. Betri hiyo hiyo, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, huwasha taa ya wati 9 kwa zaidi ya saa 60. Nguo za Idi zipigwe pasi ya makaa.