"Maziwa yangu hayatoshi"

Katika maswali ambayo wazazi wapya wanatuletea, kwa mdomo au kwa karatasi iliyokunjwa mara nne, moja linapita yote kwa wingi: "Maziwa yangu hayatoshi, nimpe mtoto nini?" Linaulizwa na mama anayeuza ndagala sokoni Baraka, na mama wa Fizi kule juu milimani, na mama wa Lusenda aliyevuka kutoka Burundi. Wababa nao wanaliuliza, ila wao wanasema: "Mtoto analia usiku kucha, hashibi." Wiki hii tunalijibu hilo kwa kirefu, pamoja na yale yanayofuatana nalo. Sisi ni waalimu na wamama, waganga hatuko. Pale ambapo jambo ni la muganga, tutasema wazi.

Tuanze siku ya kwanza, maana hapo ndipo hofu inapoingia. Maziwa ya kwanza ni machache, mazito, na ya rangi ya manjano. Wako wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni uchafu uliolala ndani ya ziwa miezi tisa. Yasimwagwe. Ndani yake mna kinga ambayo mtoto hawezi kuipata kwingine, nayo pia inamsaidia kutoa choo kile cheusi cha kwanza. Na uchache wake usimtishe mtu: tumbo la mtoto aliyezaliwa leo linabeba kiasi cha kijiko kidogo cha chai. Awekwe kwenye ziwa ndani ya saa moja ya kwanza, hata kama mama amechoka, hata kama wageni wamejaa mlangoni. Maziwa mengi huja kwenye siku ya pili hadi ya nne. Katika siku hizo mtoto hupungua kilo kidogo, na wazazi wengi wanashituka wanapoona hivyo kwenye mzani. Akipungua chini ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kisha akaurudia kufika wiki ya pili, hakuna ubaya. Akizidi hapo, muganga amuone.

Sasa, mama atajuaje kama maziwa yanatosha? Kilio peke yake si kipimo. Mtoto analia kwa joto, kwa baridi, kwa nguo iliyolowana, kwa kutaka tu kubebwa. Kipimo kiko sehemu mbili. Kwanza mkojo: baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayenyonya vizuri anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku na usiku wake, na mkojo si wa rangi kali. Pili ni kilo. Ndiyo sababu tunawasumbua kila mara juu ya siku ya kupima kilo kwenye kituo cha afya. Mstari wa kwenye fishi ukipanda, maziwa yanatosha, jirani aseme atakavyo.

Na hapa tungependa kila mama mkwe asomewe maneno yafuatayo, polepole na kwa heshima yake yote. Ziwa si bidoni inayojazwa asubuhi na kuisha jioni. Mwili unatengeneza maziwa kwa kadiri mtoto anavyoyatoa. Akinyonya mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku, yanakuja mengi. Akinyonya mara 4, mwili unaelewa kwamba hayatakiwi. Usiku ndipo mwili unapoyatengeneza kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kumnyima mtoto ziwa usiku ili mama alale ni kuharibu kazi. Tazameni sasa jinsi mtego unavyojitega. Mtoto wa miezi miwili analia, watu wanasema hashibi, anapewa vijiko vitatu vya uji mwepesi. Tumbo linajaa, analala, na siku hiyo ananyonya kidogo. Kesho yake maziwa yanapungua kweli. Siku ya tatu kila mtu nyumbani anasema: "Mnaona? Tulisema hayatoshi." Uji ndio uliyoyapunguza.

Mara nyingine tatizo ni jinsi ya kushika ziwa. Mtoto akikamata ncha peke yake, mama anaumia, anachanika, na mtoto anapata kidogo. Kinywa kifunguke sana, kidevu kiguse ziwa, sehemu kubwa ya ile duara nyeusi iingie ndani. Mama anayeumia kila anaponyonyesha asivumilie kimya. Amuombe muuguzi wa materniti amtazame akiwa ananyonyesha. Ni jambo la dakika tano.

Maji je? Baraka ni joto, na watu wanaona huruma. Lakini karibu sehemu tisa kwa kumi za maziwa ya mama ni maji tayari. Anayehitaji kunywa ni mama mwenyewe. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kikombe cha maji ni njia ya ugonjwa, na sisi wa kando ya Tanganyika tunajua ugonjwa gani. Kolera haijahama kwetu, kuanzia Uvira hadi Kalemie inazimika hapa na kuwaka pale. Mtu mzima anaweza kuvumilia maji ya ziwa au ya Mutambala ambayo hayakuchemshwa vizuri. Mtoto wa kilo nne anaweza kuisha kwa siku moja. Tunasema "kuisha" kwa sababu wengi wetu tumeshaona. Hiyo hesabu inahusu pia maji ya majani, maji ya sukari, na zile dawa za kuwekwa nyuma kwa kipira "ili tumbo lisafishwe". Tumbo lake halina kitu cha kusafishwa.

Juu ya maziwa ya unga, tusikawie. Yale ya kopo au ya vifuko yanayopangwa dukani kwa chai si chakula cha mtoto mchanga, hata kama kwenye kopo kuna picha nzuri. Yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga ni ghali, na familia ikishindwa bei inaongeza maji, mtoto anakonda huku akionekana ananyweshwa. Hili si jipya. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari mmoja mwanamke aitwaye Cicely Williams alisimama mbele ya watu wakubwa akasema kwamba kuwadanganya wamama waache kunyonyesha kwa ajili ya maziwa ya kopo ni sawa na kuua. Ilipita miaka zaidi ya arobaini kabla mataifa hayajakubaliana, mwaka 1981, juu ya masharti ya kuuza maziwa hayo. Mama aliyefariki akaacha mtoto, au mama aliyekatazwa na muganga kunyonyesha, hilo ni jambo lingine, na familia ipelekwe kwenye kituo cha afya ipate shauri, isiende moja kwa moja dukani.

Tukifika hapa, wamama wengine wanatuambia: "Mwalimu, hayo yote tumesikia. Lakini shamba langu liko mwendo wa saa mbili. Mtoto nitamnyonyesha vipi?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Tukilichunguza vizuri, mara nyingi "maziwa hayatoshi" maana yake ni "sipo". Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya mwaka 2002, inampa mama mwenye mkataba wiki 14 za kupumzika kwa uzazi, na anaporudi kazini akiwa ananyonyesha, mara mbili kwa siku apewe nusu saa ya kumnyonyesha mtoto. Ni nzuri. Lakini imeandikwa kwa mtu mwenye mkataba. Jembe halina mkataba, na beseni la samaki halina mkataba. Mama wa Fizi anarudi shambani wiki chache baada ya kuzaa kwa sababu mvua haingoji, na mtoto anabaki nyumbani na kikombe cha uji mikononi mwa dada yake wa miaka tisa. Sisi waalimu tunamjua huyo dada. Miezi ya kupanda anakosekana darasani, au anakuja na mtoto mgongoni na kukaa karibu na mlango. Mmoja anakosa maziwa, mwingine anakosa masomo, kwa sababu ileile.

Kama lazima mtoto abaki, maziwa yanaweza kukamuliwa. Mama anawe mikono kwa sabuni, achemshe kikombe chenye kifuniko, akamue kwa vidole taratibu, abonyeze nyuma ya duara nyeusi, asivute ncha. Katika joto letu yasikae zaidi ya masaa manne, tena kivulini, yamefunikwa. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo au kijiko. Bibero tuiache, maana ile ncha yake haisafishiki vizuri kwa maji tuliyo nayo. Mama naye akamue shambani hata kama hayo ya huko atayamwaga, ili mwili usipunguze. Na hapana, maziwa hayaharibiki ndani ya ziwa kwa sababu ya jua. Mama akirudi, anawe na kumnyonyesha mara moja. Wala hayaharibiki kwa sababu baba amelala na mama. Hilo tumeulizwa mara nyingi kwa sauti ya chini, tunalijibu kwa sauti ya kawaida. Mama ambaye mtoto wake hajafika miezi 6, ananyonya peke yake mchana na usiku, na hajaona damu ya mwezi, si rahisi kushika mimba. Kimoja cha hayo matatu kikikosekana, aende kuuliza njia nyingine ya uzazi wa mpango.

Mama anayekula mara moja kwa siku anaweza kunyonyesha? Anaweza. Mwili unachukua kwake na kumpa mtoto: anayepungua kwanza ni mama, si maziwa. Ndiyo maana sahani ya mama anayenyonyesha ni jambo la baba wa nyumba. Mahali ambapo samaki anakatwa na kichwa na mgongo vinaenda kwa wanaume, mama anabaki na mchuzi, tuongee bila kuogopana.

Mtoto akitimiza miezi 6 mambo yanabadilika: maziwa peke yake hayatoshi tena, na kuchelewa hapo ni kosa vilevile. Yule daktari Williams ndiye aliyeleta katika vitabu vya uganga, miaka ya 1930, neno kwashiorkor, alilolisikia kwa Waga wa pwani ya Ghana. Kwao lilikuwa jina la ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa, ameondolewa kwenye ziwa na kuwekwa kwenye uji mtupu. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, jirani anasema ni mnene. Ugali wa muhogo unashibisha lakini haujengi mwili. Tuna vya kujenga: ndagala waliokaushwa vizuri na kutwangwa kuwa unga laini, karanga, maharagi, soja iliyokaangwa na kusagwa. Uji wa mahindi ukitiwa kijiko cha unga wa ndagala na kijiko kidogo cha mawese mekundu, ambayo yanasaidia macho na kinga, ni chakula kamili kuliko vitu vya dukani. Uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko. Mara 2 au 3 kwa siku mwanzoni, 3 au 4 kuanzia miezi 9, ziwa likiendelea hadi miaka 2 na zaidi.

Mengine kwa haraka. Kitovu kiwe kikavu na safi, bila majivu wala mavi ya ng'ombe. Chanjo ni wakati wa kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, na mwezi wa 9. Homa ndogo jioni yake si sababu ya kuacha inayofuata. Mama mwenye virusi vya ukimwi anayemeza dawa zake kila siku ananyonyesha kama wengine. Mtoto akihara, ziwa lisiachwe. Aliyepita miezi 6 apewe SRO na zinki kutoka kituoni, na pakiti ikikosekana, litre moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu.

Lakini mtoto wa chini ya miezi miwili anayekataa ziwa, mwenye homa au mwili wa baridi, anayepumua mbio na mbavu kuingia ndani, anayestuka mwili mzima, au mwenye manjano kwenye viganja na nyayo, aende kwa muganga saa hiyo hiyo, hata usiku. Msimpeleke kwanza kwa maombi, wala kwa dawa ya majani, wala kwa muuza dawa wa barabarani. Hivyo vingoje.

Katika mkutano uliopita lilitoka shauri moja kuhusu mashamba, nasi tunaliunga mkono. Wamama wanaolima upande mmoja wafanye kundi, kama tunavyofanya likilimba ya pesa: kila siku mmoja wao haishiki jembe, anakaa na watoto wachanga wote chini ya mti kando ya shamba, na wenzake wanakuja kunyonyesha kwa zamu. Wanaume waliokuwa pale wameahidi kujenga vibanda vya majani kabla ya mvua. Makundi yanayotaka kuanza yalete majina kwa katibu kabla ya Jumamosi, yakitaja shamba liko wapi na watoto ni wangapi, ili tujue mikeka na vyandarua mingapi vya kutafuta.