Lillian Gish na Uigizaji Usio na Sauti

Filamu bubu, yaani zile zilizotengenezwa kabla ya sauti kuunganishwa na picha mwishoni mwa miaka ya 1920, zilimwachia mwigizaji uso, mikono na mwendo wake tu, kwani maneno machache yaliyohitajika yaliandikwa kwenye vibao vilivyopachikwa kati ya picha na picha, huku muziki ukipigwa ukumbini. Miongoni mwa walioitumikia sanaa hiyo kwa mwili mzima, Lillian Gish wa Marekani anastahili kutajwa mbele.

Alizaliwa Ohio mwaka 1893, na kwa kuwa baba aliitelekeza familia, yeye na mdogo wake Dorothy waliingia jukwaani wangali watoto ili kusaidia kutafuta riziki. Mwaka 1912 rafiki yao Mary Pickford aliwakutanisha na mwongozaji D. W. Griffith, ambaye alikuwa akiisogeza kamera karibu na mwigizaji mpaka uso ujaze skrini. Mbinu hiyo iligeuza uigizaji wenyewe, kwa sababu ishara kubwa za jukwaani, zilizokusudiwa kumfikia mtazamaji wa kiti cha nyuma, zilionekana kupita kiasi, ilhali kuinua kope tu kulitosha.

Ustadi huo unaonekana waziwazi katika Broken Blossoms ya mwaka 1919, ambamo Gish ni binti anayepigwa na baba yake katika mtaa wa kimaskini wa London. Baba anapomwamuru atabasamu, binti, ambaye hana furaha yoyote ya kuitolea tabasamu, anaweka vidole viwili kwenye pembe za midomo na kuisukuma juu, macho yakibaki na hofu ileile. Hakuna kibao ambacho kingeeleza ukatili wa nyumba ile vizuri zaidi.

Kazi hiyo ilimgharimu. Katika Way Down East ya mwaka 1920 alilala juu ya pande la barafu lililokuwa likielea mtoni, mkono na nywele zikiburutwa katika maji ya baridi kali, na madhara ya vidole vya mkono huo alidumu nayo. Alipoigiza The Wind, iliyotoka mwaka 1928, mchanga wa jangwa la Mojave ulirushwa usoni kwake kwa mitambo ya ndege, na kitasa cha mlango kilichopigwa na jua kikamuunguza kiganja.

Haifai, hata hivyo, kuficha kwamba umaarufu wake ulijengwa pia na The Birth of a Nation ya mwaka 1915, filamu iliyowadhalilisha Wamarekani weusi na kulitukuza kundi la Ku Klux Klan, na ambayo chama cha kutetea haki zao, NAACP, kiliipinga tangu mwanzo. Gish aliendelea kumtetea Griffith, na hilo ni doa halisi katika historia yake. Kwa sababu ya filamu hiyo, mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha Ohio kililiondoa jina la Lillian na Dorothy kwenye ukumbi wake wa filamu.

Sauti ilipotawala sinema alirudi jukwaani, ingawa kamera haikumsahau: mwaka 1987, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, aliigiza pamoja na Bette Davis katika The Whales of August, filamu yake ya mwisho, miaka 75 baada ya ile ya kwanza. Alifariki New York mwaka 1993.