Fahamu: Kwa nini farasi hupasuliwa akiwa amesimama

Kumlaza farasi kwa nusukaputi ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa, hata ukiondoa wagonjwa wa msokoto wa tumbo, karibu farasi 1 kati ya 100 walikufa ndani ya siku 7. Mwili wa kilo 500 hukandamiza misuli na mapafu yake wenyewe, na wapo wanaovunjika miguu wakijaribu kuinuka. Ndiyo maana meno, macho, hata uvimbe wa ovari hushughulikiwa farasi akiwa wima.

Daktari huanza na dawa ya kutuliza, kama detomidini au zailazini. Kichwa huinama, mapigo ya moyo hupungua. Lakini utulivu huo hudanganya: farasi anayeonekana kusinzia anaweza kurusha teke ghafla akiguswa. Hapo huongezwa butofanoli, dawa ya jamii ya afyuni, ili kuzidisha utulivu na kupunguza maumivu. Ikitolewa peke yake, inaweza kumchangamsha farasi akawa anatembeatembea bila kutulia.

Hata zikichanganywa, dawa hizi hazitoshi kuhimili kisu. Ganzi ya sehemu inayokatwa bado ni lazima. Utumbo nao hupunguza mwendo, hivyo asipewe majani hadi azinduke vizuri, na kinyesi chake kifuatiliwe.