La Mgambo Likilia, Nani Ameagizwa Kusikia?

Wahenga walinena kwamba la mgambo likilia kuna jambo. Methali hii twaikariri tangu utotoni, wala hatuna desturi ya kuihoji. Hata hivyo, mimi ambaye riziki yangu ni kuyachungua maneno na matumizi yake, nimeanza kuona kwamba imeacha jambo kubwa bila kulitaja. Pembe ilipolia zamani, kila mwanakijiji aliujua mlio wake, kwani pembe ya vita haikulia kama pembe ya arusi. Aidha, kila mtu aliujua wajibu wake: nani akamate mkuki, nani akusanye watoto, nani afungue zizi. Methali haikuyataja haya kwa sababu hayakuwa na haja ya kutajwa. Siku hizi yana haja.

Mgambo wa leo umehamia ndani ya kompyuta. Benki, hospitali, viwanda, vyuo na hata wizara za serikali huendesha shughuli zao kwa programu kubwa zinazofuata kila hatua ya kazi. Chukua mfano wa ununuzi wa dawa. Idara huandika ombi, mkuu wake huliidhinisha, agizo hupelekwa kwa muuzaji, dawa hupokelewa ghalani, hati ya malipo hulinganishwa na agizo, ndipo fedha hutoka. Ndani ya mfumo huo huwekwa mlinzi, ambaye ni programu nyingine isiyofanya kazi ila kuangalia. Mlinzi huyu huambiwa: ombi lisikae mezani zaidi ya siku tatu, malipo yasitoke mara mbili kwa hati moja, dawa zisipungue ghalani chini ya kiasi fulani. Kanuni ikivunjwa, mlinzi hutuma arifa, iwe kwa barua pepe, kwa simu ya mkononi au kwa alama nyekundu juu ya kioo cha kompyuta.

Wanaotuuzia mifumo hii hutusifia mlinzi huyu kuliko kitu kingine chochote. Hatutapitwa na jambo tena, watuambia. Nami nilikuwa miongoni mwa walioamini hivyo, hadi siku aliponijia ofisini mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa nne, siku tisa kabla ya mahafali.

“Mwalimu,” akaniambia, “jina langu halimo.”

Halikuwamo kwa sababu alama za somo moja hazikuonekana. Somo lenyewe lilikuwa langu. Karatasi yake nilikuwa nimeisahihisha, na alama nilikuwa nimeziwasilisha kwa wakati. Zilikuwa zimekwama njiani, kati ya idara na ofisi ya mitihani, zikisubiri idhini ya mtu mmoja. Tulipokwenda kuuliza, tulionyeshwa jambo ambalo sijalisahau. Mfumo ulikuwa umeligundua tatizo hilo mapema kabisa. Ulikuwa umetuma arifa kila Jumatatu, kwa majuma 19 mfululizo, ukisema kwamba alama hizo hazijaidhinishwa. Zilikuwa zikienda kwenye anwani ya afisa aliyestaafu mwaka uliotangulia. Jamaa za kijana yule walikuwa wamekwisha kukodi matatu ya kuwaleta mahafalini. Ilimbidi angoje mwaka mzima.

Chuo chenyewe sitakitaja, maana kisa hiki si cha chuo kimoja. Nataka tuulize swali la kiisimu: je, mfumo ule ulionya? Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 ilichapishwa mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba kusema ni kutenda. Mtu aahidipo au aonyapo, hatoi sauti tu, bali anafanya jambo. Lakini Austin aliongeza sharti, tena akatumia onyo kuwa mfano wake: kuonya hakukamiliki mpaka msikilizaji asikie na atambue kwamba anaonywa. Kwa kipimo hicho, mfumo ule haukuonya hata mara moja. Ulitamka mara 19.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni matatizo yetu sisi tusiojaliwa fedha na mafundi. La hasha. Agosti 1, 2012, kampuni ya Knight Capital ya jijini Jersey City, ng’ambo ya mto kutoka New York, ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za kununua na kuuza hisa nchini Marekani. Siku hiyo ilianza kutumia programu mpya. Fundi alikuwa ameiweka programu hiyo katika seva saba, akaisahau ya nane. Katika seva ile ya nane mlibaki programu kuukuu iitwayo Power Peg, ambayo haikuwa imetumiwa tangu mwaka 2003. Kwa kuwa programu mpya ilitumia ishara ile ile iliyokuwa ikiiamsha ya zamani, soko lilipofunguliwa mzee aliyelala aliamka.

Kilichonivutia mimi ni kilichotokea kabla ya soko kufunguliwa. Kuanzia saa mbili na dakika moja asubuhi, mfumo wa kampuni hiyo ulianza kuwatumia wafanyakazi barua pepe zenye kutaja hitilafu hiyo. Hadi soko lilipofunguliwa saa tatu na nusu, barua zilikuwa zimefika 97. Hakuna aliyechukua hatua. Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilipochunguza, ilieleza kwamba barua hizo hazikuwa zimekusudiwa kuwa maonyo, wala wafanyakazi hawakuwa na desturi ya kuzisoma. Tazama pia maneno yenyewe yalivyokuwa. Yalisema kwamba Power Peg imezimwa. Mtu ayasomaye kwa haraka asubuhi angeona sababu gani ya kuinuka kitini? Kitu kilichozimwa humdhuru nani?

Katika muda wa dakika 45 hivi, maagizo 212 ya wateja wa kawaida yalizaa mauzo na manunuzi zaidi ya milioni nne. Mafundi, katika kuhangaika, waliiondoa programu mpya kutoka zile seva saba zilizokuwa sawa, nazo zikaanza kufanya kosa lile lile la ya nane. Kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460. Oktoba 2013 tume ile iliitoza faini ya dola milioni 12, na kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kuunganishwa na kampuni nyingine. Barua 97 zilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa ameandikiwa.

Kuna wanaodai kwamba dawa ni kuongeza arifa. Hao nawaomba watutoe ofisini kidogo watupeleke kiwandani, ambako mambo haya yalijulikana mapema zaidi. Julai 24, 1994, mtambo wa kusafishia mafuta wa Texaco huko Milford Haven, Wales, ulilipuka baada ya radi kuvuruga kazi asubuhi. Watu 26 walijeruhiwa. Wachunguzi walipohesabu, waligundua kwamba katika dakika 11 za mwisho, wasimamizi wawili waliokuwa zamu walimiminiwa kengele 275. Hiyo ni kengele moja kila baada ya sekunde mbili au tatu. Isitoshe, kati ya kengele 2,040 zilizowekwa katika mfumo huo, asilimia 87 zilikuwa zimepewa cheo cha dharura ya juu. Katika lugha, neno hupata maana yake kwa kutofautiana na maneno mengine. Ukiviita vitu vyote vya dharura, umelifuta neno dharura katika kamusi yako.

Hapa sina budi kukiri jambo. Nakala za zile arifa 19 zilikuwa zikinijia mimi pia. Nilikuja kuziona baadaye, zikiwa zimepangana kwa tarehe, nyingine sikuzifungua kamwe, nyingine nilizifuta. Mfumo ule ule ulikuwa ukiniletea makumi ya arifa kila juma: maji yatakatika, maegesho yatafungwa, badilisha neno la siri, mkutano umeahirishwa. Zote zilianza kwa maneno yale yale, zote zilikuwa na alama ile ile nyekundu. Nilikuwa nimejizoeza kutozisoma, na jambo hilo nililiona kuwa ustadi wa kazi.

Kinyume cha kelele ni kimya, nacho kina hatari yake. Agosti 14, 2003, umeme ulikatika kaskazini mashariki mwa Marekani na katika mkoa wa Ontario nchini Kanada, ukawaacha gizani watu wapatao milioni 50. Uchunguzi wa pamoja wa nchi hizo mbili ulionyesha kwamba katika kampuni ya FirstEnergy ya jimbo la Ohio, programu iliyopaswa kupiga kengele ilikufa baada ya saa nane na dakika 14 mchana. Ilikufa bila kutangaza kifo chake. Wasimamizi waliketi mbele ya vioo vilivyotulia, wakaamini kwamba nyaya nazo zimetulia, ilhali zilikuwa zikianguka mmoja baada ya mwingine. Walipigiwa simu na watu wa nje waliokuwa wakiona matatizo, lakini waliviamini vioo kuliko simu. Fauka ya hayo, mafundi wa kompyuta katika kampuni hiyo hiyo walikuwa wamepata arifa kwamba seva imeanguka. Waliiwasha upya wakaendelea na shughuli zao. Hawakuona haja ya kuwaeleza wasimamizi kwamba kengele zao hazilii. Arifa iliwafikia watu, ila si wale ambao ingewafaa. Mnamo saa kumi na dakika kumi alasiri giza lilikuwa limekwisha kuingia.

Tunajifunza nini sisi ambao kila mwaka tunanunua mifumo ya aina hii kwa fedha za umma? Kwanza, kila arifa na iwe na mwenyewe. Simaanishi anwani ya ofisi, bali mtu mwenye jina, na mtu wa pili wa kupokea iwapo wa kwanza hakujibu. Mtu anapostaafu, hukabidhi funguo na gari. Na akabidhi pia arifa zake. Pili, arifa isiyomtaka mtu afanye jambo lolote si arifa, ni habari, nayo ikae kwenye ubao wa habari. Tatu, mlinzi naye apate mlinzi. Wanajeshi hupiga king’ora siku ya amani ili wajue kama kingali kinalia, na ofisi zetu zaweza kufanya vivyo hivyo mara moja kwa mwezi.

La nne ni la lugha, nalo ndilo langu. Arifa nyingi katika ofisi zetu huandikwa kwa Kiingereza cha mafundi, kilichojaa tarakimu na vifupisho, kisha hutumwa kwa karani wa ghala, muuguzi wa zamu ya usiku, au mhasibu wa kaunti. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni sababu ya mfumo ulionunuliwa kwa kodi ya Mkenya kushindwa kumwambia: “Dawa hii itakwisha baada ya siku nne; agiza leo.” Sentensi hiyo ina kitu, ina muda na ina tendo. Karani hahitaji kumwita fundi amfasirie.

Asiseme mtu kwamba haliwezekani. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa humu nchini mwaka 2007, mama muuza mboga ambaye hajawahi kulisikia neno mfumo amekuwa akipokea arifa na kuitenda kazi papo hapo. Ujumbe humfikia yeye mwenye fedha. Humtajia kiasi, mtumaji, saa na salio. Asipouona, hamkabidhi mnunuzi mboga. Huyo ameonywa na kuarifiwa kwa maana kamili aliyoitaka Austin, wala hakuhitaji kuhudhuria semina.

Kwa hiyo, wakuu wa vyuo, wa hospitali na wa kaunti, muuzaji wa mifumo atakapowajia na michoro yake ya rangi, msimwulize mfumo wake unaweza kutoa arifa ngapi. Mwulizeni nani atazipokea, kwa lugha gani, na nini kitafuata asipojibu. Kisha mjiulize ninyi wenyewe maswali hayo hayo, maana muuzaji hawezi kuyajibu yote.

Yule kijana alihitimu mwaka uliofuata. Jamaa zake walikodi matatu mara ya pili, nami nilialikwa kupigwa picha pamoja nao chini ya miti. Mama yake alinishukuru kwa kumsaidia mwanawe kuzipata alama zake. Niliipokea shukrani hiyo, nikanyamaza. Hawakujua kwamba nami niliarifiwa mara 19. Ikiwa wanalisoma gazeti hili, sasa wanajua.