Haki Isiyojulikana

Wahenga walinena, usilolijua ni kama usiku wa giza. Twalikumbuka neno hilo tuwafikiripo wafanyakazi wa Bulongwa, katika milima ya Makete. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Baba naye hupewa siku 3, azitumie ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Lakini yampasa mama kumwarifu mwajiri miezi 3 kabla ya kujifungua, akionyesha cheti cha daktari. Asiyeijua sheria ataarifuje?

Kweli, mwajiri ameamriwa abandike haki za wafanyakazi mahali pa wazi. Hata hivyo, karatasi ya ukutani haimfikii apasuaye mbao msituni. Kwa hiyo twasema, Serikali haina budi kutenga fedha, haki hizi zielezwe kwa Kiswahili chepesi katika mikutano ya vijiji, kliniki za wajawazito na redio. Mfanyakazi hulipa kodi. Na imnunulie taa. Akiisha kuona, kudai ni juu yake na chama chake cha wafanyakazi.