Samaki wa mwanao akiota pamba, tazama maji kwanza

Je, mpenzi msomaji, umewahi kuamshwa alfajiri ya Jumapili na mtoto anayelia kwamba samaki wake "ameota pamba"?

Kama una tangi la kioo sebuleni, huenda siku hiyo iko njiani. Utamkuta samaki amejibanza pembeni, mapezi ameyakunja, na ubavuni ana kitu cheupe chenye manyoya mfano wa pamba iliyolowa. Chakula hakitaki.

Kuna wazazi wanaomtupa chooni kabla mtoto hajarudi kutoka shuleni, kisha wakanunua mwingine anayefanana naye. Wengine hukimbilia dukani kununua chupa ya dawa, yoyote ile. Mara nyingi samaki wa pili hufa kama wa kwanza.

Mwandishi wa makala haya anayajua hayo kwa kuyatenda. Samaki wawili wa binti yangu walikufa mikononi mwangu kabla sijatambua kosa langu. Kila nilipoona maji yametibuka kidogo, niliyamwaga yote, nikasugua tangi na kichujio hadi vikang'aa, kisha nikajaza maji ya bomba papo hapo. Nilidhani huo ndio uangalizi mwema. Kumbe ndio uliokuwa ukiwaua.

KUVU HUTOKA WAPI?

Samaki anayefugwa sana majumbani ni samaki wa dhahabu. Asili yake ni China, ambako alianza kufugwa kwa urembo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hupenda maji ya baridi kiasi, ndiyo maana hali ya hewa ya Nairobi inamfaa bila kifaa cha kupasha maji joto. Wewe uliye Mombasa, weka tangi mahali penye kivuli na utumie pampu ya hewa, kwani maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo.

Ile pamba ni kuvu wa majini. Anayejulikana zaidi huitwa Saprolegnia. Mbegu zake huwamo karibu katika kila tangi, zikila mabaki ya chakula na vitu vilivyooza. Samaki mwenye afya ana utelezi mwilini unaomkinga. Utelezi huo ukichubuka kwa jiwe lenye ncha, kwa kuumwa na mwenzake, kwa wavu au kwa maji machafu, kuvu hupata mlango wa kuingilia.

Kwa hivyo, ukiona pamba, jua kuna jambo lililotangulia. Usipolitafuta, utamponya leo na kumuuguza tena kesho.

Aghalabu jambo hilo ni maji. Samaki hutoa amonia, sumu ambayo huwezi kuiona kwa macho. Ndani ya kichujio na kwenye changarawe huishi bakteria wema wanaoipunguza makali. Huchukua wiki kadhaa kabla hawajawa wa kutosha. Ukikisugua kichujio kwa maji ya bomba unawaua kwa dakika chache, na amonia hupanda tena.

Isitoshe, maji ya bomba yana klorini. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini na kusafishwa Ng'ethu kabla ya kufika kwako. Klorini hiyo hutukinga sisi na magonjwa, lakini humchoma samaki mashavu anayopumulia.

TIBA YA NYUMBANI

Hakikisha kwanza kwamba ni kuvu. Kuvu huwa na nyuzi kama pamba. Ukiona punje ndogo nyingi mithili ya chumvi iliyonyunyizwa mwilini, hao ni vimelea, na tiba yao ni nyingine. Vijipele vyeupe kwenye mashavu ya dume vyaweza kuwa dalili tu ya msimu wa kuzaa. Usimtibu asiyeugua!

Ukishahakikisha, tafuta beseni la lita 20 ambalo halijaguswa na sabuni. Lijaze maji yaliyokaa wazi kwa saa 24 ili klorini itoke, na yawe na joto sawa na ya tangini. Mhamishe mgonjwa polepole kwa kikombe, wala usimshike kwa mkono. Likiwepo bomba la pampu ya hewa, litie humo.

Chukua chumvi tupu isiyo na viungo, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita tatu. Kwa beseni hilo ni vijiko saba hivi. Iyeyushe kwanza kwenye jagi, kisha uimimine kwa mafungu matatu, asubuhi, mchana na jioni, ili samaki asishtuke.

Kila siku badilisha nusu ya maji kwa mengine yaliyokaa, yenye kiasi kilekile cha chumvi. Kumbuka kwamba chumvi haipotei hewani. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza yasiyo na chumvi. Mpe chakula kidogo sana na uondoe asichokula. Endelea hivyo kwa siku saba hadi kumi, kisha punguza chumvi kidogo kidogo kabla ya kumrudisha.

Wakati huo, usilisahau tangi. Badilisha robo ya maji yake, ondoa jiwe lenye ncha, na uoshe kichujio ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo.

Pamba isipopungua kwa siku nne, au ikifika mashavuni, muulize daktari wa mifugo. Huenda akakupa methilini bluu. Itumie kwenye beseni tu, kwa sababu huweza kuwaua wale bakteria wema. Dawa ya kuvu ya binadamu usiitie kabisa.

KINGA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Badilisha robo ya maji kila wiki. Mpe chakula kinachoisha kwa dakika mbili. Samaki mgeni mtenge kwa wiki tatu au nne kabla ya kumchanganya na wenyeji. Tena, usimfuge katika bakuli. Mmoja anahitaji lita 40 au zaidi, kwani anaweza kukua kupita urefu wa sentimita 20.

Akikuchosha, mtafutie mlezi mwingine. Usimwachilie mtoni au bwawani, kwani atawapokonya samaki wa huko chakula na kuwaambukiza magonjwa.

Pengine utauliza, ya nini taabu yote hii kwa samaki wa bei ndogo? Huko Uingereza, samaki wa dhahabu aliyeitwa Tish alipatikana kama zawadi ya mchezo katika maonyesho mwaka 1956, akafa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Huyo mnayemtupa baada ya miezi miwili angeweza kumwona mwanao akimaliza chuo kikuu.

Samaki wa tatu wa binti yangu, Machungwa, naye aliota pamba. Siku ya sita katika beseni nyuzi zilianza kung'oka, na ya tisa akaja juu kuomba chakula. Leo ni binti yangu anayejaza ndoo kila Ijumaa jioni ili maji yawe tayari Jumamosi. Sijawahi kumkumbusha.

Nawe, ukijaribu yote na samaki akafa, mwambie mtoto ukweli. Mzikeni pamoja uani, kisha mchunguze pamoja maji yalikuwa na kasoro gani. Hilo litamfaa kuliko samaki wa pili aliyeletwa kisirisiri.